Theluji ya nyumbani: pima hewa kabla ya kulaumu mashine

Mwenye uzi huu wa mjadala anataka kutengeneza theluji nyumbani, na ameeleza kwamba ana mashine ya kuoshea magari kwa presha na kompresa ndogo (mashine ya kusukuma hewa). Aliwasha usiku wenye ukungu, kipimajoto kikisoma nyuzi 1 chini ya sifuri, akaishia kupata manyunyu yaliyoganda chini yakawa barafu ya utelezi. Wengi wamemjibu anunue mashine kubwa zaidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mashine aliyonayo inatosha. Usiku ule ndio haukufaa, na nozeli zake (midomo ya kunyunyizia maji) hazikupangwa.

Tuanze na hewa, maana ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kila kilo ya maji inapoganda hutoa takribani kilojuli 334 za joto, na joto hilo lazima liondoke ndani ya sekunde chache, kabla tone halijagusa ardhi. Sehemu yake inabebwa na hewa baridi. Sehemu nyingine inaondoka na maji kidogo yanayogeuka mvuke juu ya tone, kwa kuwa kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hufyonza karibu kilojuli 2,500. Hewa ikishiba unyevu, njia hii ya pili inafungwa. Kwa hiyo usitazame joto la kawaida, tazama joto la balbu nyevu, yaani lile linalosomwa na kipimajoto ambacho ncha yake imevikwa kitambaa chembamba chenye maji na kupungiwa hewa. Kitambaa kikianza kuganda, usomaji husimama kwenye 0 kwa muda halafu ndipo unashuka. Usikate tamaa hapo, endelea kupunga mpaka utulie.

Tofauti yake si ndogo. Hewa ya nyuzi 0 (zote hapa ni za Selsiasi) yenye unyevu wa asilimia 30 inasoma karibu -4 kwenye balbu nyevu. Hewa ya -2 yenye unyevu wa asilimia 90 inasoma -2.5 tu. Ile inayoonekana ya joto zaidi ndiyo itakayokupa theluji bora. Kwenye ukungu wa mwenye uzi balbu nyevu ilikuwa -1 ileile, na hapo hakuna kifaa cha nyumbani kitakachokusaidia. Mimi huhesabu -2.5 kuwa mwisho kabisa, tena theluji yake ni nyevunyevu. Kuanzia -4 au -5 kazi inakuwa ya raha, na ikishuka chini ya -7 unaweza kuongeza maji bila wasiwasi.

Maji nayo yawe baridi. Yakitoka kwenye bomba yakiwa nyuzi 15, kila kilo inakuja na kilojuli 63 za ziada za kuondoa, karibu moja ya tano ya kazi yote ya kugandisha. Yaliyokaa nje kwenye pipa mpaka yakafika nyuzi 3 au 4 ni afadhali sana. Najua kuna atakayeleta hoja ya Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanzania ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ungali wa moto ukiganda mapema kuliko uliopoa. Lile lilikuwa jambo la chombo kilichotulia ndani ya friji kwa muda mrefu. Tone letu lina sekunde chache tu hewani, kila nyuzi ya ziada ni hasara.

Sasa kompresa inaingia wapi? Maji safi hayagandi kwa sababu tu yamefika sifuri. Tone dogo linaweza kubaki majimaji nyuzi kadhaa chini ya hapo likikosa punje ya kuanzia. Kwa hiyo bunduki ya theluji, yaani kifaa chenye nozeli kinachorusha theluji, ina njia mbili. Ya kwanza ni nozeli ya mbegu: hewa ya kompresa inachanganywa na maji kidogo sana, inatoka na kutanuka ghafla, inapoa mno, na vijitone vyake vinaganda papo hapo. Ya pili ni nozeli za maji mengi zinazolishwa na mashine ya presha. Mbegu zinaingia kwenye wingu la matone, kila tone linalogongwa linaganda. Ukiacha kompresa, unategemea vumbi la hewani na baridi kali sana, na mazao yatakuwa machache.

Kabla ya kununua nozeli, pima mashine yako. Namba zilizoandikwa ubavuni huwa ni za juu kabisa, na presha ya juu haipatikani pamoja na maji ya juu. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze kupitia mashine ikiwa inafanya kazi, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 100, una lita 6 kwa dakika. Nozeli za feni, yaani zinazotawanya maji kama upepeo, zina namba kama 4001: 40 ni pembe ya mtawanyiko, 01 ni ukubwa. Ukubwa 01 hupitisha lita 0.38 kwa dakika kwenye bar 2.8 (bar ni kipimo cha presha), na maji huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha. Kwenye bar 70, presha ni mara 25, maji ni mara 5, yaani lita 1.9. Kwa hiyo tatu za 4001 zinakula lita 5.7, na zile 0.3 zilizobaki zinakwenda kwenye mbegu. Ukifunga nozeli kubwa kuliko hesabu, presha inaanguka na matone yanakuwa manene. Ukifunga ndogo mno, pampu inazungusha maji yaleyale ndani yake, inapata moto na sili (vizuia-uvujaji vyake vya ndani) zinaungua.

Kompresa itoe lita 100 hadi 150 kwa dakika kwenye bar 6. Usihadaike na ukubwa wa tangi, tangi huisha kwa dakika chache halafu unabaki na uwezo wa pampu. Vifaa vingine ni tii na nipo (viungio vya bomba) za shaba za robo inchi zinazohimili presha ya mashine, koki mbili, geji mbili za presha, chujio kwenye maji yanayoingia (tundu za nozeli hizi hazifiki milimita 1, chembe moja ya mchanga inaziba), na valvu ya njia moja kwenye mpira wa hewa. Hiyo valvu si ya kubahatisha. Maji ya bar 70 yakikutana na hewa ya bar 6, yatarudi nyuma hadi kwenye tangi la kompresa. Iwe imeandikwa kwamba inahimili presha ya pampu, na maji ya mbegu yapite kwenye koki ya sindano, ile inayorekebisha maji kidogo kidogo, ili uyabane.

Funga nozeli ya mbegu ili ukungu wake ukate wingu la maji sentimita 15 hadi 30 mbele. Weka bunduki juu ya stendi ya mita 2 au 3, ielekee juu kama nyuzi 45 za pembe, mgongo kwa upepo. Upepo ukigeuka, maji yanarudi kwenye nozeli na barafu inaota mdomoni.

Kuwasha: hewa kwanza, maji baadaye. Anza na mbegu peke yake. Kinga mkono wa koti jeusi mita moja na nusu mbele yake. Unatakiwa kuona unga mkavu, na sauti iwe mluzi ulio sawa. Ikikohoa na kutema, maji ni mengi, bana koki ya sindano. Kisha fungulia nozeli kubwa, simama mita 5 au 6 mbele, kinga tena mkono ule ule. Punje zikidunda na kuanguka, uko sawa. Zikibaki zimeshika kitambaa kama chenga laini, uko mpakani. Zikipasuka na kuacha doa la maji, punguza maji kwa kubadilisha nozeli moja iwe ndogo zaidi. Usiongeze presha ya hewa ukidhani itaokoa. Karibu na nozeli usisogeze kidole kabisa, maji ya presha hii hupenya ngozi na jeraha lake linahitaji hospitali hata likionekana dogo.

Umeme: mashine mbili zinazokula kama kilowati 1.5 hadi 2 kila moja zisiwe kwenye saketi moja. Kila moja ipitie kifaa kinachokata umeme ukivuja, na waya wa kuongezea uwe mnene na mfupi. Mpira wa hewa usilegee ukatengeneza tumbo, maji ya mvuke hutulia hapo yakaganda na kuziba, halafu utaona mbegu zinakatika bila sababu inayoonekana.

Usitegemee makubwa kwa saa moja. Lita 6 kwa dakika ni lita 360 kwa saa. Theluji ya mashine ina uzito wa kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni kama mita 0.8 za ujazo, au sentimita 4 juu ya eneo la mita 4 kwa 5, ukiondoa inayopeperuka. Iache lundo usiku mzima imwage maji yake kabla ya kuitandaza.

Kuzima ni kinyume cha kuwasha: funga maji, acha hewa ipulize dakika moja au mbili, ndipo ufunge hewa. Kisha chomoa mipira yote, inyanyue imwagike, vuta kifyatulio cha mashine mpaka kisitoe hata tone, na uiingize ndani hapo hapo. Maji ya kijiko kimoja yakibaki kwenye kichwa cha pampu, asubuhi utakuta kimepasuka.