Nyumba karibu na kituo cha mwendokasi: tofauti ya bei inastahili?

Mleta mada ameuliza: nyumba mbili za vyumba vitatu Kimara, Dar es Salaam, zinafanana kwa kila kitu, ila moja iko jirani na kituo cha mabasi ya mwendokasi na nyingine iko ndani, mbali na barabara kuu. Bei zimepishana sana. Je, muuzaji wa kwanza anatupiga?

Nyumba ya kituoni inastahili kuwa juu, lakini kiasi gani piga hesabu mwenyewe, usimwachie dalali. Ulizia nauli ya bodaboda kutoka nyumba ya ndani hadi kituoni. Tuseme ni sh. 1,000. Anayekwenda kazini siku 26 kwa mwezi, kwenda na kurudi, analipa 52,000. Kwa mwaka 624,000. Wakiwa wawili, miaka 10 inakula karibu milioni 12 na nusu. Tofauti ya bei ikiwa hapo hapo, muuzaji hajakuonea. Ikiwa milioni 40, akutajie unalipia nini kingine. Na kama kutoka ndani ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu, sehemu kubwa ya hesabu hiyo inafutika. Tembea mwenyewe, tena baada ya mvua, maana Kimara ni vilima na makorongo, na njia inayoonekana fupi kwenye ramani inaweza kukatwa na maji.

Kuisogelea barabara mno nako ni hatari. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi (eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa) ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Morogoro Road ina sehemu zenye hifadhi pana kuliko hiyo, na bomoabomoa ya 2017 kuelekea Kiluvya iliwakuta watu waliodhani wako salama. Kabla ya kulipa chochote, tafuta vigingi vya hifadhi, angalia kama ukuta una alama ya X, yaani ya kubomolewa, hata iliyopakwa rangi juu, kisha fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Barua ya serikali ya mtaa peke yake haitoshi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni maji. Bomba kuwepo uani si sawa na maji kutoka, hasa nyumba zilizo mwinukoni ambako presha huwa ndogo. Usiulize "maji yapo?" kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Omba bili za miezi mitatu. Familia ya watu sita, kila mmoja lita 60 kwa siku, hutumia karibu uniti 11 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000). Bili ikionyesha uniti 3 na nyumba imejaa watu, basi wananunua maji ya boza (lori la maji) au wana kisima. Kisima, onja maji yake. Yakiwa ya chumvi yatakula mabomba na hita. Gharama ya boza kwa mwezi iweke kwenye hesabu ileile ya miaka 10.

Umeme, mwite fundi apime volti saa mbili usiku, watu wanapopika na kupiga pasi. Zikishuka chini ya 200, friji na pampu hazitadumu.

Soko na shule vikiwa mita 300 vinapandisha bei, na wapangaji hawakosekani. Soko likiwa ukutani kwako unapata takataka, mitaro iliyoziba na malori ya alfajiri. Baa usiihukumu mchana. Rudi Jumamosi saa nne usiku usimame chumbani dakika 15, madirisha yakiwa wazi.

Dalali akisema "lami inakuja", usilipie hata shilingi moja ya lami hiyo. Lipia kilichopo.

Nyumba ya ndani ikiwa na bomba linalotoa na umeme uliotulia, na ya kituoni ikiwa inategemea boza, ningechukua ya ndani hata kama bei zingelingana.