Meko ya Sebuleni: Kuni au Gesi?

Baridi ya Julai huko Limuru au Nyahururu haina mchezo. Ila kabla hujaulizia bei ya meko yoyote, kagua dohani kwanza.

Meko ya kuni iliyo wazi hupendeza macho, lakini joto lake jingi hupanda na moshi. Moshi ukirudi sebuleni, mara nyingi kosa ni la vipimo. Njia ya moshi isipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko: mdomo wa sentimita 75 kwa 60 unataka bomba la kipenyo cha sentimita 25 hivi. Kichwa cha dohani nacho kipite kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo karibu nacho ndani ya mita 3, la sivyo upepo utaurudisha moshi chini. Mwenye dohani nzuri anayewasha kila jioni, ushauri wetu ni atie jiko la chuma lenye mlango ndani ya meko hiyohiyo. Kuni zilezile zitatoa joto maradufu na zaidi.

Kuni za mwati au mkaratusi zipasuliwe, zipangwe panapopita hewa, zikae miezi sita hadi mwaka. Zikitoa povu nchani zikiungua, ni mbichi bado, na zitaipaka dohani masizi ya lami yanayoshika moto. Yakifika unene wa milimita 3, yasuguliwe.

Gesi ni safi, ya haraka, na inamfaa anayewasha mara mojamoja. Kwa matumizi ya kila siku, piga hesabu: hita ya kilowati 5 hula takriban gramu 400 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 ukiwashwa saa nne kila jioni utaisha kwa siku nane.

Hita isiyo na bomba la moshi tusingeiweka. Kila kilo ya gesi inayoungua huacha zaidi ya lita moja na nusu ya maji hewani, ndiyo maana kuta huota ukungu. Isitoshe, nyingi zina kihisi cha oksijeni, kifaa kinachozima moto oksijeni ikipungua, kilichopimwa kwa maeneo ya mwinuko mdogo. Ukipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hita hujizimazima. Kuna mafundi hukikata ili "ifanye kazi". Kataa kabisa, maana hicho ndicho kinga yako dhidi ya kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Nunua yenye bomba la kutolea moshi nje, nozeli zake (vitundu vya kupitishia gesi) zikiwa za mwinuko wa mahali pako.

Mtungi ukae nje. Gesi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja ndani hutuama sakafuni; acha tundu la hewa sehemu ya chini ya ukuta, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio.