Mama amezeeka na dada amechoka: je, tuajiri mtu wa kumtunza?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mama yetu yuko Ujiji, Kigoma, amepita miaka 80. Tangu mwaka jana akili inampotea. Usiku anafungasha kanga zake kwenye mfuko, anasema anarudi kwao, na kumbe yumo nyumbani mwake. Adhuhuri anaweza kuisali mara tatu. Tumezaliwa wanne, anayekaa naye ni dada yetu mdogo, ameacha hata biashara yake ya dagaa. Kaka mkubwa anasema tumpeleke makazi ya wazee. Mimi niko Dar es Salaam, nataka tuajiri mtu. Mke wangu hataki tumlete kwetu. Hapa nani ana dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na mkeo, maana lawama nyingi huishia kwa wake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mke hana wajibu wa kumhudumia mkwe. Akimwogesha na kumlisha, ni wema wake na atalipwa na Mola wake. Asipofanya, huna haki ya kumnunia. Mama ni wako. Tena mzee anayesahau ukimtoa Ujiji, kwenye ua anaoujua kwa miguu, ukamfungia ghorofani Dar, huenda ukamzidishia kupotea.

Kuajiri mtu inafaa. Huduma ya mwili, kama kufua, kupika na kuogesha, inaweza kufanywa kwa niaba. Awe mwanamke mwaminifu, ujira mpatane mapema na mumpe kwa wakati. Lakini itazameni aya ya Suratul Israa, ile inayokataza kuwaambia wazazi hata "ah". Mwenyezi Mungu anasema wakifikia uzee "indaka", yaani wakiwa kwako. Pesa ya M-Pesa kila mwisho wa mwezi ni nafaka, yaani matumizi ya kumkimu mzazi, nayo ina thawabu, ila haijatimiza neno hilo. Kuna mtu alimjia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kumpa ahadi ya kuhama kwa ajili ya dini, akasema amewaacha wazazi wake wanalia. Akaambiwa arudi, awachekeshe kama alivyowaliza. Hakuambiwa atume kitu.

Sasa niulize mimi: mama ana mali? Wazee wengi wa Kigoma wana michikichi. Kama mama ana shamba, matunzo yake yanaanza kutoka kwenye mali yake mwenyewe; nafaka ya mzazi huwapasa watoto wenye uwezo pale anapokuwa hana. Nimeona familia zinazochangishana kwa taabu kumnunulia mama sabuni, na huku mawese ya shamba lake anauza kaka mtu na hasemi kitu. Hakuna mirathi ya mtu aliye hai. Anayekula shamba hilo leo kwa hoja kwamba "ni fungu langu" anakula mali ya mama yake bila idhini. Ukitaka kujua dhambi iko wapi, anza kutafuta hapo. Hesabuni madebe, andikeni, na pesa hiyo imlipe msaidizi.

Na dada yenu naye alipwe. Msishtuke. Ameacha dagaa zake, hana kipato, na ninyi watatu mmemgeuza yaya wa bure kwa sababu tu ni mwanamke. Kumtunza mama kunawapasa watoto wote, wa kiume na wa kike. Akipewa fungu lake kwa haki, thawabu yake haipungui. Mpeni na mapumziko pia: mmoja wenu aje akae wiki mbili, yeye aende mwaloni kwenye dagaa zake.

Kuhusu makazi ya wazee, siwezi kusema ni haramu. Asiye na mtu, au mwenye watoto wanaompiga, huko ni stara kwake. Lakini makazi ya serikali yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo ya kwanza kumtunza mzee. Mama mwenye watoto wanne na nyumba yake akipelekwa huko, atakuwa amelalia kitanda cha mtu asiye na hata mmoja. Mwambie kaka yako hivyo, kwa adabu.

Sala yake isiwape hofu. Kalamu imeinuliwa, yaani haandikiwi dhambi, kwa aliyepotewa na akili mpaka akili irudi. Akisali mara tatu, mwacheni, akisahau, msimkaripie. Saum za siku ambazo akili haipo hadaiwi. Zile ambazo akili ipo ila mwili hauwezi, mtoleeni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Mnajua kisa cha wale watatu waliozibiwa pangoni na jiwe. Mmoja alifika na maziwa usiku, akakuta wazazi wamelala. Alisimama na chombo mkononi mpaka alfajiri. Hakuwaamsha, na watoto wake walikuwa wanalia miguuni pake. Alifuata saa ya wazazi, hakufuata yake.

Basi ukija Ujiji, chukua zamu ya usiku. Akifungasha kanga zake saa nane, usibishane naye kwamba hapa ndipo kwake. Mbebee mfuko, mtembeze uani taratibu, mwambie mnasubiri kupambazuke ndipo mwende. Akichoka, mrudishe kitandani. Asubuhi, akili ikiwa bado imetulia, muulize yeye mwenyewe anataka kukaa na nani.

Wallahu a'lam.