Muulize Mwalimu: Video Yangu Imefutwa, Niende Mahakamani?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, napiga picha za harusi hapa Pwani na nina chaneli ya video mtandaoni. Juzi nilimrekodi askari wa mji akimpiga mama mboga rungu na kumwaga nyanya zake mtaroni. Nikaipandisha jioni hiyo hiyo. Usiku ule watazamaji walishinda wa harusi zangu zote. Kulipokucha nikakuta imefutwa, eti imevunja kanuni za ukatili, na chaneli imepewa onyo. Wale wanaotikisa viuno hawaguswi! Katiba inanipa uhuru wa kujieleza. Je, naweza kuwashtaki? Na kwa sasa, niipandishe kwenye chaneli ya rafiki yangu?*
*Mpiga picha, Pwani*

Marahaba, mwanangu. Jina la mtandao uliloandika nimelikata, la mji pia. Video uliyoniambatishia nimeitazama mara mbili, na nitakwambia nilichokiona. Kwanza Katiba, maana ndiyo uliyoanza nayo.

Ibara ya 33 ya Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Inaondoa propaganda za vita, uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki, na inakutaka uheshimu haki na jina la mwenzio. Sioni ulipovuka hapo. Lakini unataka kumshtaki nani? Kampuni hizi nyingi ni za Marekani, na huko katiba yao inaifunga mikono serikali tu. Kundi moja la wahafidhina, PragerU, liliishtaki Google, mwenye YouTube, kwa kuwa YouTube ilizifungia baadhi ya video zake zisionekane na vijana. Februari 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawajibu kwamba YouTube ni mali ya kampuni binafsi, hata kama dunia nzima inakutana pale.

Kwetu mlango haujafungwa kabisa. Ibara ya 20 inasema Sura ya Haki inawafunga watu wote, siyo vyombo vya Dola peke yake. Na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kuisikiliza kesi dhidi ya Meta, mwenye Facebook, iliyoletwa na mtoto wa profesa wa Ethiopia, Meareg Amare, aliyeuawa 2021 baada ya kuandamwa kwenye Facebook. Angalia lakini malalamiko yake: yeye analia kwamba maandishi ya chuki yaliachwa. Wewe unalia kwamba yako imeondolewa. Mitandao inavutwa huku na huku, na mimi siwaonei huruma sana, wanalipwa vizuri. Ila masharti uliyobonyeza "nakubali" bila kuyasoma (sote hatuyasomi) huwa yanataja na mahakama. Ya YouTube yanataja za Santa Clara, California. Kwa video ya dakika mbili utauza kamera umlipe wakili, na kesi bado haijatajwa.

Sasa video yenyewe. Kichwa umeandika DAMU!!! TAZAMA KABLA HAWAJAIFUTA. Umelirudia pigo la rungu mara tatu, la mwisho kwa mwendo wa pole, na chini umeweka muziki wa sinema ya kutisha. Mahali hapatajwi. Tarehe haipo. Hujasema askari alikuwa akifanya nini pale wala yule mama alipelekwa wapi. Sehemu ya maelezo ina namba yako ya kuombwa kazi za harusi, basi. Mimi nimehariri habari za redio miaka mingi na kufundisha vijana kazi hiyo, na nakwambia bila kukupaka mafuta: mtu asiyekujua akiiona atadhani unafurahia.

Na anayeiona kwanza huwa ni mashine. Mashine inatambua damu na mtu anayepigwa. Haijui kama wewe ni shahidi au ni shabiki. Ndiyo maana viuno vinapita, havimo kwenye ilichofundishwa kukamata. Kanuni za YouTube, kwa mfano, zinaruhusu picha za ukatili zikiwa za habari, elimu au kumbukumbu, mradi maelezo hayo yawemo kwenye video yenyewe. Wewe hukuipa mashine hata chembe ya kushikilia.

Hili halikuanza kwako. Mwaka 2007 Mmisri Wael Abbas, aliyekuwa akipandisha video za polisi wakitesa watu, alifungiwa akaunti yake na YouTube. Mwezi huo huo wa Novemba, maofisa wawili wa polisi walihukumiwa miaka mitatu jela kwa kumtesa dereva wa basi dogo, na video ya mateso yale ilikuwa miongoni mwa alizozisambaza. Watu walipopiga kelele, akaunti ikarudishwa. Miaka kumi baadaye mashine mpya ikafuta maelfu ya video za vita vya Syria, na waliokuwa wakikusanya ushahidi wakakuta viungo vitupu. Kwa hiyo hasira yako naielewa, na kwenye hili niko upande wako: kufuta ushahidi kwa ujumbe wa mistari miwili ni dharau.

Kata rufaa kwa mtandao wenyewe. Watu hudhani ni kupoteza muda. Kati ya Aprili na Juni 2020, corona ilipowarudisha wafanyakazi nyumbani, YouTube iliziachia mashine kazi kubwa zaidi na zikafuta video zaidi ya milioni 11. Waliolalamika walikuwa wachache, rufaa kama 320,000 hivi, na karibu nusu yake video zilirudi. Andika kwa ufupi: hii ni habari, imetokea mahali fulani, tarehe fulani, nimerekodi mwenyewe. Usitukane. Inaweza kusomwa na binadamu, na kazi ya watu hao ni ngumu: mwaka 2023 zaidi ya 180 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook hapo Nairobi walikwenda mahakamani, wengi wakieleza jinsi walivyoathirika akili kwa waliyoyatazama.

Chaneli ya rafiki yako iache. Kuipandisha ile ile iliyokwisha kufutwa huhesabiwa kosa jipya, na atakayeadhibiwa ni yeye. Kwa YouTube, baada ya onyo la kwanza, kosa moja linakufungia kupandisha wiki moja, la pili wiki mbili, na la tatu ndani ya siku 90 chaneli inakwenda, na harusi zote za watu humo ndani. Rufaa ikikataliwa, tengeneza video nyingine: pigo mara moja, muziki utoe, mwanzoni useme kwa sauti yako kilichotokea, na uso wa yule mama uuzibe mpaka umuulize kama anataka kuonekana. Hujanieleza kama ulimuuliza.

Faili la asili usiliguse, wala usiiuze simu uliyorekodia. Yule mama akiamua kumshtaki huyo askari, wakili wake atakutafuta utie sahihi hati inayotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inayoeleza picha imerekodiwa kwa chombo gani na imetolewaje. Nakala ya WhatsApp iliyozunguka mtaa mzima itampa wakili wa askari kazi rahisi.