Kabla ya fataki, tuzungumze sufuria

Swali la wiki hii lilikuwa: fataki za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, zipigwe marufuku mijini? Jibu langu ni kwa wale wanaosema kila mwaka kwamba pesa ya baruti ingewalisha maskini. Ingewalisha, naam. Lakini chakula kinawafikia kikiwa katika hali gani?

Wagujarati, wa Kisutu hapa Dar na wa Jamnagar kule India sawasawa, huiita sadaka ya kulisha watu annadan, na chakula chake kimojawapo ni khichdi, mchele na choroko zilizopasuliwa. Mswahili akiionja atasema ni mseto. Kwa watu 100: mchele kilo 8, choroko kilo 4, maji lita 45 hadi 50, samli kilo 1, chumvi gramu 300, manjano na jira. Vitunguu maji na vitunguu saumu wengi hawavitii katika chakula cha ibada. Sufuria isipungue lita 80, la sivyo povu la choroko litazima moto.

Huko kufanana na mseto ndiko kulikoharibu Diwali moja. Mpishi, kwa moyo mweupe kabisa, alitaka watu wanaouguza jamaa zao hospitalini wale kitu wanachokijua, akatia tui la nazi. Sufuria ikaepuliwa saa 12 asubuhi. Saa 1 chakula kikapakiwa cha moto kwenye vyombo vya plastiki, vifuniko vikabanwa hapo hapo, mvuke ukageuka maji ukadondokea humo humo. Gari likachelewa. Saa 6 mchana kifuniko cha kwanza kilipofunguliwa, palikuwa na povu jembamba pembeni, harufu kali ya kuchacha, na kijiko kikiinuliwa chakula kinavutika kama bamia. Vyombo vyote 100 vikamwagwa, na watu walikuwa wameshapanga foleni.

Tui huchacha upesi. Tena wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikibaki vuguvugu, huzaliana. Kwa hiyo kisafirishwe ndani ya sufuria, juu ya nyuzi 60, kipakuliwe mbele ya mlaji. Kikishakaa vuguvugu saa 2, kisigawiwe.

Nilianza kuandika nikiwa upande wa "acheni fataki, pikeni." Sasa nasema, nyumba isiyo na sufuria kubwa wala gari la uhakika isipike. Itoe vikavu: mchele kilo 2, choroko kilo 1, mafuta lita 1, chumvi, sabuni. Vipelekwe siku ya Dhanteras, yaani siku 2 kabla ya Diwali, ili siku yenyewe wenzetu wapike wapendavyo, hata kwa tui. Ila uliza kwanza kama wana mkaa. Ukiongeza mithai, chagua laddu za unga wa dengu; barfi ya maziwa haivumilii joto la Dar.

Na watoto waachiwe zile cheche za kushika mkononi, mradi ndoo ya mchanga iwe karibu: waya wake huunguza hata ukishazimika.