Pampu ya Mafuta Imekufa Kweli, au Umeme Haufiki?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya cc 150 ya injekta, nabebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Juzi ilizima nikipandisha Kitonga. Ikapoa, ikawaka, ikazima tena. Sasa napiga stata haishiki kabisa. Fundi mmoja anasema pampu ya mafuta imekufa, ninunue mpya. Mwingine anataka kunifungia ya gari. Nimsikilize nani?
Msomaji, Ilula

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole kwa kusukuma mlima ule. Usimpe hela ya pampu mtu ambaye hajaweka tesita (kipima umeme) kwenye soketi ya pampu hiyo. Naletewa pampu zimefungwa kwenye mfuko, mwenyewe ameshakata tamaa, kumbe nzima. Kilichoungua ni fyuzi, au waya umekatika chini ya siti.

Washa swichi bila kupiga stata, sikio likiwa karibu na tenki. Pampu nzima huvuma sekunde mbili tatu, kisha hunyamaza ikisubiri injini izunguke. Ikiwa kimya, angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani, kisha fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo inayoipelekea pampu umeme). Na kama pikipiki ililala chini pale mlimani, zima swichi kabisa uwashe upya, kwa sababu nyingi za injekta zina kihisi kinachokata mafuta zikianguka.

Bado kimya? Chomoa soketi ya pampu, weka tesita kwenye nyaya zake mbili (mara nyingi ndizo nene, nyembamba ni za geji ya mafuta), mwenzako awashe swichi. Umeme unakuja kwa zile sekunde chache tu, kwa hiyo macho yawe kwenye tesita kabla hajawasha. Ukisoma volti 12 na pampu haivumi, imekufa. Usiposoma kitu, usiihukumu pampu bado, fuata waya.

Kwa ulivyoeleza, kuzima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, naelekea kwa fundi wa kwanza. Mota ya pampu iliyochoka brashi hufanya hivyo. Lakini hata koili ya moto wa plagi hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana nasisitiza upime.

Ya gari, hapana. Injekta za pikipiki nyingi ndogo zinataka shinikizo la karibu bar 3. Pampu ya gari la kabureta haifikishi hata bar 1. Ya gari la injekta shinikizo inalo, lakini inakula umeme kuliko ule pikipiki yako iliopangiwa, na betri itakulilia.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu. Toa waya wa hasi wa betri, zungushia kitambaa mpira wa mafuta unapouchomoa kwani huenda una shinikizo bado, mwaga mafuta yote, laza tenki juu ya blanketi. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara. Ukiitoa pampu izungushe taratibu, mkono wa boya la geji usipinde.

Ila tazama chujio lililo chini ya pampu, hapo ndipo wengi wanapitiwa. Kwa mafuta ya kununua kwenye chupa barabarani, mara nyingi nalikuta limekuwa la kahawia, limejaa kutu na uchafu laini, na mota imekuwa ikivuta kwa shida mpaka ikaungua. Ukifunga pampu mpya ndani ya tenki hilo hilo, itakufa vilevile. Suuza tenki kwa petroli mpaka itoke safi, weka chujio jipya. Halafu acha kupandisha Kitonga na mafuta ya risavu: petroli ndiyo inayoipoza pampu, na kwenye mpando yale machache hukimbilia nyuma, pampu ikaweza kubaki inavuta hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, pampu mpya usiijaribu ikiwa kavu.

Rudisha pampu kwa oringi mpya (mpira wa mviringo unaozuia kuvuja), ile ya zamani mara nyingi imeshavimba. Kaza nati kwa kukingamanisha, yaani moja kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo. Tia mafuta, washa na kuzima swichi mara kadhaa mpaka mpira ujae, kisha pitisha kidole kuzunguka sahani ya pampu. Kikitoka kimelowa, usipige stata, fungua tena.