Uvimbe kwenye panda ya karotidi: weka sindano chini

SWALI: Daktari, salamu kutoka Lamu. Mimi ni afisa wa kliniki. Nina mama wa miaka 47 mwenye uvimbe chini ya taya upande wa kulia, mwaka wa nne sasa, hauumi. Alimeza dawa za kifua kikuu cha tezi miezi 6, haukupungua hata kidogo. Ultrasaundi aliyopigwa Malindi inasema ni uvimbe wa sentimita 3.2 kwenye panda ya ateri ya karotidi, wenye damu nyingi. Nilitaka kutoa kinyama kwa sindano nipeleke maabara, mwenzangu akanizuia, akisema huenda ni uvimbe wa kifundo cha karotidi. Je, yuko sahihi? Hicho kifundo cha karotidi kina kazi gani, na kikitolewa mgonjwa hatakosa pumzi? Upasuaji wenyewe unafanywaje?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, mshukuru. Uvimbe huu umejaa vijishipa kama sifongo. Sindano nene ikipita humo, damu huvujia ndani ya shingo, mahali pasipo na nafasi, ikabana njia ya hewa. Hata damu ikisimama, kovu linalobaki hugandisha uvimbe kwenye ateri, na mpasuaji atakayekuja baadaye ndiye atakayetaabika. Sindano nyembamba mkononi mwa mzoefu haina hatari kubwa hivyo, lakini nayo haitakupa jibu unalolitaka: chini ya hadubini, uvimbe mpole na ule wa saratani hufanana. Saratani hujulikana tu pale chembe zake zinapokutwa kwenye tezi za limfu au mbali zaidi, kama mifupani au mapafuni, jambo linalowapata wagonjwa wachache.

Kifundo chenyewe ni kidogo kama punje ya mchele. Kimejibanza nyuma ya panda, pale ateri kuu ya shingo inapogawanyika, tawi la ndani likienda ubongoni na la nje usoni. Kwa uzito wake, hupitiwa na damu nyingi ajabu, kwa sababu kazi yake ni kuionja. Oksijeni ikishuka, seli zake hufunga milango ya potasiamu, kalsiamu huingia, nazo humwaga kemikali zinazoamsha tawi la neva ya tisa ya kichwa. Habari inafika kwenye shina la ubongo: pumua zaidi. Mwitikio huo huwa mkali oksijeni ya ateri inaposhuka chini ya mmHg 60 hivi. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa utafiti wake juu ya sehemu hii ya mwili. Jirani yake, ukuta wa ateri uliotanuka kidogo, hupima presha. Hivyo ni viungo viwili tofauti, japo mpasuaji akigusa kimoja huweza kukiamsha cha pili.

Kikiondolewa kimoja, cha upande wa pili hubeba kazi, na mgonjwa hatakosa pumzi. Viwili vikiondoka, mambo hubadilika: presha hupanda na kushuka ovyo, moyo huenda mbio, na mwili hauna tena wa kuuamsha oksijeni inapopungua, kwa mfano usingizini baada ya morfini. Ndiyo maana shingo hupigwa picha pande zote mbili hata kama uvimbe unaonekana mmoja.

Sasa rudi kwa mgonjwa wako. Ushike uvimbe kwa vidole viwili. Ukisogea mbele na nyuma lakini ukakataa kwenda juu na chini, hiyo ni dalili ya uvimbe ulioning'inia kwenye ateri. Uvimbe wa neva ya kumi ya kichwa nao hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo usiitegemee dalili hiyo peke yake. Usiukande wala kuubonyeza sana, moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla. Msikie akizungumza, mwambie atoe ulimi, tazama kope zake, kisha uandike ulichokiona. Sauti ikikwaruza baada ya upasuaji, mtu atataka kujua kama ilikuwa hivyo kabla.

Halafu muulize habari za ukoo, hasa upande wa baba. Waliozaliwa na kukaa sehemu za milima mirefu, kama Peru, huweza kupata uvimbe huu kwa sababu kifundo hufanya kazi kupita kiasi miaka mingi. Lamu ni usawa wa bahari, sababu hiyo haipo, basi fikiria urithi. Jeni inayohusika mara nyingi huitwa SDHD, nayo ina tabia ya pekee: huleta uvimbe ikirithiwa kutoka kwa baba, ikitoka kwa mama karibu hunyamaza kabisa. Kwa hiyo babu anaweza kuwa nao, binti yake asiupitishe kwa wanawe, kisha ukaibuka kwa wajukuu wa binti huyo kupitia mwanawe wa kiume. Ukiuliza tu "mama yako alikuwa nao?" utaambiwa hapana na utadhani umemaliza. Uliza ami na shangazi.

Uliza pia vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio. Ni wachache ambao uvimbe wao humwaga adrenalini na jamii yake, lakini kipimo cha metanefrini (mabaki ya adrenalini) katika damu au mkojo wa saa 24 kifanyike kwa kila mgonjwa. Kikiwa juu, tezi za juu ya figo nazo zipigwe picha. Kwa mgonjwa huyo, dawa ya kuzuia alfa (hulegeza mishipa), kama doksazosini, hutangulia upasuaji siku 7 hadi 14. Ya kuzuia beta (hutuliza moyo) huja baadaye. Ukizigeuza, presha inaweza kulipuka.

Kabla ya kisu hupigwa CT ya mishipa. Picha huonyesha matawi mawili yametanuliwa na uvimbe katikati, na humwezesha mpasuaji kukadiria daraja la Shamblin, lililotungwa mwaka 1971. La kwanza, uvimbe unabanduka kwa urahisi. La pili, umeikumbatia ateri nusu. La tatu, umeimeza. Sentimita 3.2 huenda ni la kwanza au la pili, ila kipimo peke yake hakitoshi. Kuziba mishipa inayoulisha kwa katheta saa 24 hadi 48 kabla kuna mabishano. Kwa uvimbe wa ukubwa huu nisingefanya hivyo, maana chembe ya dawa ikipotea njia huleta kiharusi.

Upasuaji hufanywa chini ya nusukaputi. Mkato hufuata ukingo wa mbele wa msuli unaojitokeza mtu akigeuza kichwa. Vena inayokatiza hufungwa, kisha ateri tatu huzungushiwa mikanda myembamba: ya chini kwanza, halafu matawi mawili. Kabla uvimbe haujaguswa, neva hutafutwa. Ya kumi iko nyuma, kati ya vena na ateri. Ya kumi na mbili hukatiza juu ya matawi yote mawili. Na neva ya juu ya zoloto, nyembamba, hupita nyuma ya ateri na ndiyo inayosahaulika. Ikikatwa, mgonjwa hupaliwa na maji na hawezi tena kupandisha sauti, hasara kubwa kwa mwadhini au mwimbaji.

Kazi yote iko katika tabaka moja. Gordon-Taylor wa Uingereza aliliita mstari mweupe: chini ya utando wa nje wa ateri, ambapo uvimbe huachana na ukuta. Mpasuaji huanza chini akipanda, akichoma vijishipa kimoja kimoja kwa koleo la umeme lenye ncha mbili. Akikaa juu mno, anaingia kwenye uvimbe na damu inafunika kila kitu. Akizama mno, anachuna ukuta wenyewe, na palipo pembamba zaidi ni kwenye panda, ambapo ndipo uvimbe umeng'ang'ania. Tundu dogo hushonwa kwa uzi wa polipropilini 6-0. Ukuta ukiharibika zaidi, hutolewa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), ateri hubanwa, na kipande cha vena ya pajani huunganishwa. Hatari ya kiharusi huongezeka hapo. Tezi za limfu za jirani huchukuliwa kwa uchunguzi.

Usiku wa kwanza hutazamwa shingo kuvimba, pumzi, presha na nguvu za mkono wa kushoto. Kudhoofika kwa neva ndilo tatizo la kawaida, na mara nyingi nguvu hurudi ndani ya miezi. Wengine hupata maumivu makali ya taya kwenye tonge la kwanza la kila mlo, yakipungua kadiri wanavyotafuna. Waambie mapema, wasidhani ni jino.

Kwa mzee dhaifu, kuungoja kwa picha za kila mwaka ni njia halali, kwani hukua taratibu, milimita 1 hivi kwa mwaka. Mionzi nayo husimamisha ukuaji, haiutoi. Kwa mama wa miaka 47 ningeshauri upasuaji ungali mdogo.

Mpeleke Mombasa au Nairobi, penye mpasuaji wa mishipa na chumba cha wagonjwa mahututi. Kabla hajavuka kwenda bara kupitia Mokowe, pima kreatinini (kipimo cha figo) kwa ajili ya dawa ya CT, himoglobini na kundi la damu, na asafiri na ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Katika barua andika kwa herufi kubwa: USICHOME SINDANO KWENYE UVIMBE.